Kiti Ambacho Hakikuwapo

Mwezi uliopita kijana mmoja wa shahada ya uzamili aliniletea pendekezo la utafiti wake. Ni mzaliwa wa Njisi, huku upande wetu wa mto Songwe, na sifichi kwamba wanafunzi watokao Kyela huwapa muda wa ziada, kwa kuwa nami nimekulia huko huko, kwenye mpunga, kakao na mafuriko. Kichwa cha pendekezo lake, kwa Kiingereza, kilibeba neno throne. Kwa Kiswahili alikuwa ameandika: "Historia ya Kiti cha Enzi cha Wanyakyusa".

Kazi ilikuwa safi. Maswali yalipangwa vizuri, marejeo yalitosha. Lakini likizo yake alikuwa ameitumia kijijini akiwauliza wazee kiti hicho kilichongwa kwa mti gani, kilitunzwa na ukoo upi na kilipotelea wapi. Alidhani Wajerumani walikichukua, na alinuia kuandika barua kwenye makumbusho ya Berlin. Wazee walimsikiliza kwa adabu. Mmoja wao, rika la babu yake, alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwambia: "Kiti, mjukuu wangu? Sisi tulikuwa na moto."

Kijana alinisimulia jambo hilo kama kikwazo cha utafiti. Mimi niliona kwamba utafiti wenyewe ndio ulikuwa umeanzia hapo.

Tuanze na neno. Waingereza hawakulizaa, walilipokea. Thronos ya Wagiriki ilikuwa kiti kirefu chenye kibao cha kuwekea miguu, kikikaliwa na miungu katika masimulizi na na wakuu katika kumbi zao. Neno likaingia Kilatini, likapitia kwa Wafaransa, na hadi karne ya 13 lilikuwa limekwisha kufika Uingereza. Huko likapata maana ya pili iliyoimeza ya kwanza. Mwingereza akisema kwamba fulani amepanda kwenye throne, hana habari na mbao wala mito ya kuegemea. Anasema fulani ametwaa utawala. Kiti cha kutawazia kilichoko Westminster kilitengenezwa kwa amri ya Edward I ili kulihifadhi jiwe alilowapora Waskoti mwaka 1296. Jiwe lilirudishwa Scotland mwaka 1996, nalo likasafirishwa tena hadi London mwaka 2023, kwa ajili ya kutawazwa kwa Charles III, ili liwe chini yake kwa muda wa ibada ile. Yaani hata wao, walio na kiti cha kweli, hawakitumii kwa kukalia. Wanakitumia kwa kusemea.

Na kinachosemwa ni nini? Kwamba utawala ni nafasi, na nafasi hiyo ni moja, haigawanyiki, na hubaki pale pale mwenyewe akiondoka. Ikiwa wazi, sharti ajazwe mtu. Anayekaa hubadilika, kiti hakibadiliki. Hiyo ni falsafa nzima ya dola, imefichwa ndani ya samani.

Kiswahili kilikuwa na kiti chake kabla ya kuanza kumfasiri Mwingereza. Mafundi wa Lamu, Pate na Siyu walitengeneza viti vya mpingo vyenye mgongo ulionyooka, mikono, na kibao cha kuwekea miguu, vikiwa vimepambwa kwa pembe za ndovu na kusukwa kwa kamba nyembamba. Hivyo ndivyo vilivyoitwa viti vya enzi, na vichache vinaonekana hadi leo katika makumbusho ya pwani ya Kenya. Lakini angalia: havikuwa vya mfalme mmoja. Nyumba za waungwana zilikuwa navyo, na vilitolewa alipofika mgeni wa heshima. Alama za utawala wenyewe zilikuwa vitu vingine, navyo ni vya sauti. Pate ilikuwa na siwa yake ya pembe ya ndovu. Unguja, Mwinyi Mkuu wa Dunga alikuwa na ngoma na siwa. Mtawala alisikika kabla ya kuonekana.

Neno "enzi" nalo lina safari yake. Limetoka katika Kiarabu, likiwa na maana ya nguvu na utukufu, na kwetu limekaa kwanza kwa Mungu: Mwenyezi ni mwenye enzi. Wafasiri wa Biblia walipotafuta neno la throne wakalichukua jina la kile kiti cha Lamu, na kwa njia hiyo kiti cha mgeni wa heshima kikawa kiti cha Daudi na cha Mwana-Kondoo. Waislamu walibaki na Arshi yao, ambayo hakuna fundi anayethubutu kuichonga. Mimi hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba tuliligawa fungu lile la maneno vipande viwili: enzi tukamwachia Mwenyezi, kiti tukampa mwenyekiti. Wanacheka. Baadaye baadhi yao hukaa kimya.

Turudi Songwe. Wanyakyusa wa kaskazini ya mto na Wangonde wa kusini ni watu wa lugha moja kwa kiasi kikubwa na wa masimulizi ya asili yanayofanana. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko kati ya 1934 na 1938, walikuta upande wa Wanyakyusa tawala ndogo ndogo zaidi ya 100, kila moja na malafyale wake. Hapakuwa na mkubwa wa wote. Lwembe wa Lubaga aliheshimiwa na wengi, lakini kwa mvua na rutuba, si kwa amri wala kodi.

Utawala ule ulirithiwaje? Hapa ndipo maneno ya mzee yanapopata maana. Wana wa kizazi kimoja walipokomaa, baba zao wakiwa bado hai, ilifanyika sherehe iliyoitwa ubusoka, yaani kutoka nje. Mioto ya zamani katika nchi ilizimwa, moto mpya ukapekechwa, na kila nyumba ikawasha kwa moto huo. Vijana waliokuwa wakiishi katika vijiji vya rika lao walitambuliwa kuwa ndio nchi sasa, na amafumu wapya, yaani wakuu wa vijiji, waliwekwa badala ya wale wa zamani. Nchi yenyewe iligawanywa: wana wawili wakubwa wa malafyale walitoka siku moja, kila mmoja na upande wake. Baba yao alikabidhi akiwa hai, na ilitarajiwa kwamba hataishi muda mrefu baada ya hapo.

Fikiri juu ya jambo hilo kwa lugha ya throne, uone lisivyowezekana. Mrithi wa kiti kimoja hawezi kuwa watu wawili. Kiti hakikatwi katikati. Na mfalme aliyekabidhi akiwa hai, kwa ratiba ya kizazi na si kwa sababu ya mapinduzi, kwa Kiingereza huhesabiwa kuwa amejiuzulu, na kujiuzulu ni habari ya fedheha. Moto, kwa upande wake, unagawanyika vizuri kabisa. Unaweza kuuchukua kwenda nyumba ya pili bila kuupunguza wa kwanza, na unaweza kuuzima ili mwingine uwashwe.

Kuna na jambo la mwili. Lwembe, na Kyungu wa Ngonde kule Mbande, hawakuwa watu wanaokalia utawala. Utawala ulikuwa ndani yao, katika pumzi, nywele na kucha. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kufa kwa ugonjwa kama sisi. Alipodhoofika, wazee walimziba pumzi, ili nchi isidhoofike pamoja naye. Na kwa Lwembe nywele na kucha zilichukuliwa angali hai. Ndiyo maana watu wa ukoo wake waliuogopa mno wadhifa huo, na mrithi ilibidi akamatwe. Neno ni hilo hilo: kukamatwa. Hapakuwa na kugombea.

Nisieleweke kwamba nakusifia kumziba mtu pumzi. Wala siwasifu wazee wale kwa demokrasia. Malafyale alikuwa na ng'ombe wengi na wake wengi, na vijana walisubiri miaka mingi kuoa wakati baba zao wakiongeza wake. Tena kuna wasomi walioitilia shaka picha hii. S. R. Charsley, katika kitabu chake cha 1969, alichagua hata kuwaita wana wa ukoo wa kitawala badala ya machifu, na inafaa tukumbuke kwamba Wilson na mkewe waliandika mengi kutokana na kumbukumbu za wazee baada ya miaka 40 ya ukoloni. Huenda ubusoka ulifuata kanuni zake pale tu ardhi ilipokuwa ya kutosha kugawanywa. Lakini hata wanaobishana juu ya idadi na mpangilio hawajaleta kiti.

Alichosisitiza Monica Wilson, na ambacho mimi nimekisikia utotoni bila kujua kwamba kimeandikwa, ni pumzi ya watu. Malafyale aliyekuwa mchoyo, asiyechinja, asiyekaa na wenzake katika ule ushirika tunaouita ukwangala, watu walimnong'ona. Minong'ono ile iliaminiwa kuwa baridi inayoingia mwilini. Angeugua. Angetafuta sababu, angeitisha watu, angekiri, angechinja. Bibi yangu alikuwa akisema juu ya kiongozi mmoja wa enzi zetu, aliyepata kiharusi, kwamba "watu wamempumulia". Nilidhani ni ushirikina. Siku hizi nadhani ilikuwa pia sheria ya katiba.

Kiti kilifikaje, basi? Kwa sehemu kilifika na biashara. Ngonde, iliyokuwa na njia ya kuvuka ziwa kwa pembe za ndovu na nguo, ilimkuza Kyungu kuliko majirani zake wa kaskazini waliozungukwa na milima. Hayo ni maelezo ya Godfrey Wilson, na bado sijaona bora kuliko hayo. Kisha akaja Mlozi, mfanyabiashara Mswahili wa Karonga, ambaye mwaka 1887 aliwashambulia Wangonde na kujitangaza kuwa Sultani wa Nkonde. Labda hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kudai enzi ya namna hiyo, moja na ya wote, katika fukwe zetu. Kampuni ya Waskoti iliyokuwa ikifanya biashara Karonga ilipigana naye, na Juni 1888 kapteni mmoja Mwingereza aliyewaongoza kushambulia boma la upande wa Mlozi alipigwa risasi akajeruhiwa vibaya. Jina lake Frederick Lugard.

Huyo ndiye Lugard yule. Akapona, akaenda Uganda, akaenda Nigeria, na mwaka 1922 akachapisha kitabu kilichokuwa msahafu wa utawala usio wa moja kwa moja. Mlozi alinyongwa Desemba 1895. Mimi huona kejeli kidogo hapa: yule aliyetoka damu akipigana na sultani wa kujitangaza ndiye aliyekuja kuwafundisha Waingereza kwamba Afrika hutawaliwa kwa kumtafuta sultani.

Mkataba wa Julai 1, 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliifanya Songwe kuwa mpaka. Wajerumani walitawala kwa maboma, wakianzia Langenburg ya ziwani na baadaye Tukuyu. Ni baada ya Donald Cameron kufika Tanganyika mwaka 1925, akitokea Nigeria ambako aliwahi kufanya kazi chini ya Lugard, ndipo viti vilipoanza kutafutwa kwa bidii. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ilihitaji kila kabila liwe na mkuu anayejulikana, mwenye mahakama, hazina na mshahara. Mahali palipokuwa na mtemi wa kweli, kazi ilikuwa nyepesi. Kwetu, penye malafyale zaidi ya 100 wanaojigawanya kila kizazi, ilikuwa kichaa. Kila ubusoka mpya ungemaanisha mshahara mpya na daftari jipya la kodi. Serikali haikuwa na haja ya kupiga marufuku moto. Ilitosha kutomwandika yule wa pili katika daftari.

Wakoloni walipenda viti mahali pengine pia, na si kila mara walisalimika. Machi 1900, Gavana Hodgson aliwauliza Waasante mjini Kumasi kwa nini hawakumletea Kiti cha Dhahabu akikalie. Alikuwa akifikiri kwa neno la kwao, throne. Waasante hawakuwahi kukikalia kile. Hata mfalme wao hakikalii, kwa kuwa ndani yake mna roho ya taifa. Vita ilifuata, ikiongozwa na Yaa Asantewaa, ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Shelisheli. Kosa la tafsiri liligharimu maelfu ya maisha. Jirani zetu Waganda kwa kweli wana kiti, Namulondo, na Kabaka Mutebi alipotawazwa Naggalabi mwaka 1993 hakuna aliyelazimika kukibuni. Sibishi kwamba Waafrika walikuwa na viti. Nabisha kwamba wote walikuwa navyo.

Tanganyika ilifuta machifu kisheria mwaka 1963. Wengi wenu mmefundishwa kwamba tulivunja viti vya enzi. Mimi naona tulivihamishia ndani ya bunge na chama. Tazama lugha yetu: mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa halmashauri, kiti cha ubunge, viti maalumu, mbunge anayesimama kuomba mwongozo wa Kiti. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe, ndiye aliyepokea mwaka 1954 fuvu la babu yake lililorudishwa kutoka Ujerumani, na ndiye baadaye aliyekalia kiti cha Spika kwa miaka mingi. Sidhani kuna mfano bora wa safari ya neno. Na vitenzi vinavyolifuata neno hilo ni vile vile: kukikalia, kukigombea, kukitetea, kukirithi, kuking'ang'ania. Kiswahili hakina kitenzi cha kawaida cha kukigawa kiti, wala cha kukikabidhi kabla hakijaombwa.

Mtumishi wa umma anayesoma hapa atauliza: lina uzito gani hilo kwa kazi yangu? Lina uzito sasa hivi. Septemba 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alisimikwa Kisesa, Mwanza, kuwa mkuu wa machifu kwa jina la Hangaya, na tangu hapo machifu wamerudi katika majukwaa na itifaki. Sina ugomvi na jambo hilo; watu wana haki ya mila zao. Lakini itifaki hutaka jina moja kwa kila wilaya, nafasi moja ya kukaa, kipaza sauti kimoja. Katika msiba mmoja huko nyumbani nilisikia mtu akitambulishwa kuwa chifu wa Wanyakyusa wote. Wazee walitazamana. Hakuna aliyepinga, maana msibani hatupingani, lakini mmoja aliyeketi karibu nami, ambaye namwita tata kwa umri wake, aliniuliza kwa sauti ya chini: "Wote wepi, mwanangu? Na sisi wa moto wa pili?"

Anayekubaliwa leo kuwa mrithi wa kiti kimoja atakuwa kesho shahidi mkuu katika mgogoro wa ardhi, mgeni rasmi katika mradi, na jina katika kitabu cha darasa la tano. Ofisa anayeandika "chifu wa eneo" katika fomu yake anafanya, bila kujua, kazi ile ile ya karani wa 1926: anamwandika mmoja na kumwacha wa pili nje ya daftari. Hapo naomba tuwe waangalifu. Ukienda kijiji cha Kyela usiulize chifu wenu nani. Uliza zilikuwa pande ngapi, na lini zilitoka.

Upande wa pili wa daraja, Malawi haikuwafuta. Kyungu yupo Karonga hadi leo akiwa mkuu wa machifu wa wilaya, na machifu wa Malawi hulipwa na serikali malipo yanayoitwa mswahara, neno ambalo Mswahili yeyote atalitambua. Mto ni ule ule, lugha karibu ni ile ile, na kuna familia zinazovuka kwenda kuzika upande wa pili. Nashawishika kusema kwamba wao walibaki na mtu na sisi tukabaki na neno, lakini sijafanya utafiti wa kutosha kuyasimamia maneno hayo mbele ya jopo.

Kijana wangu ameyasikia haya yote, kwa maneno makali zaidi. Nilimshauri abadilishe kichwa cha kazi. Alirudi na karatasi, akaniambia kwamba amejaribu "moto", amejaribu "utawala", na kwamba kwa Kiingereza hapati neno ambalo msimamizi wa pili hatalirudisha kuwa throne. Tumekubaliana aache neno malafyale kama lilivyo, bila kulifasiri, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na barua ya Berlin isiandikwe. Mwezi ujao anavuka Songwe kwenda Mbande. Baada ya hapo atarudi Njisi kwa mzee yule wa kikohozi, safari hii akiwa na swali la nani aliyepekecha ule moto, na nani aliyebeba kijinga kwenda upande wa pili.